Ua Tulilokula

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi, mkubwa wa nyumba, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, ndani ya koti la marehemu baba lililomfika karibu na magoti, wa tatu, naye wa kiume, aliyepewa kazi ya kupanga viti akakataa kusaidiwa, kitindamimba wetu, msichana wa miaka saba, mjomba, kaka yake mama, kutoka Gishubi, shangazi kutoka Itaba na binti zake wawili, waliotangulia siku moja kabla kwa ajili ya kupika, katekista wa mtaa wetu, masista wawili wa Mushasha, ambako mama alifanya kazi ya bustani, jirani yetu Mkongomani muuza vitenge, aliyetuazima masufuria yote, majirani wa mteremko wetu, ambao nikianza kuwataja mmoja mmoja nitawasahau wengine na watanilaumu, na bibi mmoja mfupi aliyekaa karibu na mlango, kapu tupu juu ya mapaja. Wengine walidhani ni wa upande wa shangazi. Mimi nilimkumbuka. Alikuwa bibi wa Muyinga. Tuliporudi kutoka Tanzania tulikaa naye kilima kimoja miaka miwili kabla ya mama kupata kazi Gitega.

Ilikuwa siku ya kuganduka ya mama. Ndivyo tunavyoiita siku ya kuondoa msiba, mwaka mmoja baada ya mazishi. Watu wanakula, wanakunywa, wanaongea habari za marehemu, na nyumba inaruhusiwa tena kucheka na kuozesha binti. Lakini kabla ya hayo kuna swali ambalo lazima liulizwe mbele ya watu wote: kama marehemu alimdai mtu, au kama kuna mtu anamdai yeye. Mjomba alikuwa ameliuliza siku ya mazishi. Alisimama mwanamke mmoja tu, akarudisha jembe. Sasa akaliuliza tena, kwa ajili ya wale ambao siku ile habari haikuwafikia.

"Kama kuna anayemdai dada yangu," alisema, "aseme sasa, watoto wake wako hapa. Kesho asije."

Mjomba akanyoosha mkono kuchukua kikombe. Bibi wa Muyinga akasimama.

"Mimi namdai."

"Unamdai nini, mama?"

"Ua."

Watu walicheka. Jirani yetu Mkongomani alipiga makofi. "Yoo! Ua? Mi nilifikiri bibi iko na deni ya kilo ya sukari, kumbe ni ya ua!"

"Cheka, mwanangu," bibi alimwambia. "Ukimaliza nitaendelea."

Jirani akafunika mdomo kwa kitenge. Bibi aliendelea, kwa kile Kiswahili cha kambini ambacho sisi tuliorudi tunatambuana nacho popote. Alisema alikuwa na ua lake huko Muyinga, alilokuja nalo kutoka Tanzania. Mama yetu alipokuwa anahamia Gitega, alilichimba, akaligawa shina mara mbili, akampa mama nusu. Wakakubaliana. La bibi likifa, mama atamrudishia sehemu ya lile lake. La mama likifa, bibi atampa.

"Halikuwa zawadi," alisema. "Nilimpa anitunzie, kwa sababu kitu kikikaa mahali pamoja kinaweza kwisha siku moja. Mvua za mwaka jana maji yalisimama uani kwangu wiki tatu. La kwangu limeoza lote. Nimekuja kuchukua changu."

Hakuna aliyecheka tena. Mjomba alinigeukia.

"Mkubwa wa nyumba, umesikia?"

"Nimesikia."

"Unalikubali?"

Ningeweza kusema sijui habari hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na hakuna ambaye angenilaumu. Mdogo wangu ndani ya lile koti aliniangalia, nikajua kwamba na yeye amekumbuka.

"Nalikubali," nilisema. "Litalipwa."

Wakapiga makofi, mjomba akamimina bia ya mtama, na siku ikaendelea kama inavyopaswa. Mimi nilibeba sahani, nikaosha vikombe, nikajibu salamu. Muda wote nilijua kwamba lile ua halimo bustanini mwetu, wala mahali pengine popote. Tulikuwa tumelila.

Mama alipenda mimea ya kudumu. Mahindi na maharage alipanda kwa sababu tulikuwa wanne na baba alifia kambini, kitindamimba akiwa bado tumboni. Ila kando ya njia, chini ya mchirizi wa bati, nyuma ya choo, kila pembe ambayo haikutosha kwa chakula, alipanda vitu visivyohitaji kupandwa tena. Umuravumba, ule mti mdogo wa kikohozi wenye majani ya kunata, unaopukutika kiangazi na ndipo unapotoa maua yake ya zambarau hafifu, wakati kila kitu kingine kimekauka. Rozmari, ambayo masista walikuwa wanaikata na kutupa matawi. Mchaichai. Mnanaa karibu na mahali pa kuogea. Jeraniumu kwenye makopo. Yale maua ya buluu ya shina refu yanayowekwa altareni. Alikuwa akirudi jioni kutoka Mushasha na kipande cha kitu kimefungwa katika karatasi iliyolowanishwa, hata kabla ya kuvua viatu anakipanda.

"Mimi nimepanda na kuacha mara nyingi mno," aliwahi kuniambia. "Sasa nataka kitu nitakachokikuta pale nilipokiweka."

Lile ua la bibi lilikuwa kando ya mlango. Masista waliliita dalia. Jekundu, lakini jekundu la kuingia weusini, kama divai ndani ya chupa, na petali zake zilijikunja ukingoni zikaelekea ndani, hata usiweze kuuona moyo wake. Mimi niliyajua maua yake. Mizizi yake sikuwahi kuiona. Nilizaliwa kambini. Nilijua kupanga foleni, kupima unga kwa kopo, kuchota maji bila kumwaga. Kilichomo ardhini sikukijua, na mama hakuharakisha kunifundisha kwa sababu alitaka nisome. Nilikuwa tayari nimerudishwa madarasa kwa kutojua Kifaransa.

Mvua za mwaka ule wa mwisho wake zilikuwa nyingi. Maji yalikaa mlangoni, na mama, akiwa tayari anakohoa, alilichimba dalia akalihamishia kwenye kona ya juu karibu na ukuta, mahali palipoinuka. Mimi nilikuwa shuleni. Jioni hakusema kitu, au alisema na mimi nilikuwa na daftari mbele yangu. Mwezi uliofuata alilala siku tisa. Hospitali walifanya walichoweza.

Nilikuwa darasa la nane. Sikumbuki siku niliyoamua kuacha. Nakumbuka tu kwamba asubuhi moja niliwavalisha wadogo zangu sare, nikawasindikiza mpaka barabarani, nikarudi kuchota maji, na haikunijia kwamba nami nilipaswa kwenda.

Kiangazi kikaingia. Mama alikuwa na desturi ya kukata mashina yaliyokauka, kisha kando ya kila mmea uliolala anachomeka kijiti, ili ajue nani yuko wapi. Wadogo zangu wa kiume walivikusanya vile vijiti vyote, ambavyo mwaka ule alivichomeka mapema kabla hajalala, kuwashia moto. Niliwaona. Nilifurahi kwamba wamepata kuni bila kutumwa.

Mwezi wa nane maharage yalikuwa yamekwisha. Mengi yalikwenda kwa wageni wa msiba, na hakuna anayehesabu chakula cha msiba. Nilichukua jembe nikaenda kona ile ya ukuta kulima mapema, nipande mvua ya kwanza ikinyesha. Jembe likaingia mahali palipokuwa laini, likatoka na kitu. Nikapiga magoti, nikachimba kwa mikono. Palikuwa na viazi. Kichala kizima, vyembamba, vya ngozi ya kahawia, shingo nyembamba, vimeshikamana juu kama vidole.

Niliwaita wote.

"Mama alitupandia viazi!" yule wa tatu alipiga kelele. "Alituachia!"

Tuliamini. Hilo ndilo ambalo mpaka leo sijui nilipeleke wapi. Tuliamini kwamba mama alijua anakwenda, akatufichia chakula ardhini. Tulivibeba ndani kwa kanga yake. Nilivichemsha. Kabla ya kula niliomba kwa sauti, nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na mama. Havikuwa na unga wala utamu. Vilikuwa maji matupu mdomoni, na mwishoni uchungu mdogo uliobaki kwenye koo.

"Viazi vya mama havina sukari," kitindamimba alisema.

"Kula," nilimwambia. "Vya mama havitupwi."

Tulikula vyote. Pale pahali nikapanda maharage.

Mvua zilipoanza na kando ya mlango hakukuota kitu, nilidhani lile ua limekufa pamoja na mwenyewe. Siku chache baadaye nilikwenda Mushasha kuomba kazi ya mama, nikamkuta mfanyakazi mmoja anachimba kando ya uzio. Mikononi alikuwa na kichala kile kile.

"Hivi ni viazi gani?" nilimuuliza.

Alicheka mpaka akaegemea jembe. "Viazi! We dada, hizi ni dalia. Kwenu mnakula maua?"

Nami nilicheka naye. Nyumbani sikumwambia mtu isipokuwa yule anayenifuata, naye akaniomba nisiwaambie wadogo.

Basi asubuhi ya pili baada ya kuganduka, bibi alikunywa uji, akashukuru, akachukua kapu lake.

"Twende ukanionyeshe," alisema. "Sasa hivi lingekuwa bado na maua ya mwisho."

Nilimpitisha bustani nzima polepole. Alijua kila kitu. Alisugua rozmari akanusa vidole. Alinisema kwa sababu mnanaa umeziba njia ya maji. Aliukuta umuravumba umeanza kupukutika, akaugusa begani kama mtu.

"Na langu?"

Tulikuwa tumefika kwenye ile kona. Palikuwa na mabua ya maharage yaliyokauka.

"Lilikuwa hapa, bibi."

"Lilikuwa."

"Nililichimba mwaka jana. Sikujua. Vijiti vya mama havikuwepo tena."

"Mkatupa wapi? Mizizi ya dalia ina roho ngumu, mwanangu. Hata jalalani inaweza kuota. Nionyeshe jalala."

"Hatukutupa," nilisema. "Tulilila."

Alikaa juu ya jiwe la kufulia.

"Lote?"

"Lote."

"Mlidhani ni viazi."

"Tulidhani ni viazi ambavyo mama ametuachia."

Aliliweka kapu lake chini. Kisha akauliza, "Lilikuwa na ladha gani?"

"Maji maji. Na uchungu kidogo mwishoni."

"Mlitia chumvi?"

"Chumvi haikuwepo."

Alijifunika uso kwa upindo wa kitenge, mabega yakamtikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani yeye mwenyewe hakujua. Alipofunua uso alinisimulia.

Alikuwa na binti mmoja. Kule kambini Kibondo binti huyo alifua nguo kwa mwalimu fulani, na mwalimu alipohama alimpa kiazi kimoja cha ua, kwa sababu binti alikuwa amelisifia. Binti alikipanda katika debe mbele ya nyumba yao ya udongo. Alimwagilia, likaota, likarefuka. Alikufa kwa uzazi kabla halijachanua. "Rangi yake niliiona mimi," bibi alisema. "Yeye hakuiona. Alikuwa ananiuliza, mama, unadhani litakuwa rangi gani? Nikamwambia njano. Sijui kwa nini nilimwambia njano." Siku ya kurudi Burundi alipanda lori na debe lile mapajani. Watu walimsema njia nzima, kwamba wenzake wamebeba vyungu na magodoro, yeye amebeba udongo wa Tanzania.

"Nisamehe, bibi," nilisema.

"Nikikusamehe nitakuwa nimesema halipo tena. Mimi sijasema." Alisimama akakung'uta kitenge. "Ulikubali mbele ya watu. Utaleta."

Alirudi Muyinga na mchaichai na rozmari kapuni. Kitindamimba alilia kumuona akiondoka, kwa sababu walilala kitanda kimoja na bibi alikuwa amemsimulia hadithi.

Nikaanza kutafuta. Nilijiambia haiwezekani mama hakumgawia mtu. Mama aligawa kila kitu. Nusu ya nyua za mteremko wetu zina jeraniumu zake. Nilikwenda Mushasha kwa sista mzee, mmoja wa wale wawili waliokuja kuganduka.

"Hilo?" alisema. "Nilimwomba mara tatu. Mara ya tatu nikamkasirikia kidogo, Mungu anisamehe. Alisema si lake, amewekewa, na kitu cha kuwekewa hawezi kukigawa."

Nilitoka pale nikasimama barabarani. Kama mama angekuwa mwizi kidogo tu, ua lile lingekuwa Mushasha mpaka leo.

Shangazi alikuwa na dalia Itaba, za njano. Mjomba alinipeleka Gishubi kwenye uzio wa kanisa dogo, kulikuwa na za waridi na nyeupe. Jirani yetu Mkongomani aliuliza kwa wenzake wote sokoni, akaniletea moja ya rangi ya chungwa, kubwa kama sahani. "Chukua hii, mtoto yangu. Iko mzuri kuliko ile ya bibi, mi nakuambia. Umupelekee, atasahau." Niliipokea. Zote nilizipokea. Sikujua kukataa mmea, na bado sijui.

Sista mzee ndiye aliyenifundisha jambo ambalo ningelijua mapema nisingejisumbua, au labda ningejisumbua zaidi. Mzizi wa dalia unarudisha ua lile lile, mwaka hadi mwaka. Mbegu haina ahadi hiyo. Ukichukua mbegu za ua moja ukazipanda, kila mche unakuja na sura yake, kama watoto wa tumbo moja. Kwa hiyo lile la bibi halitarudi kwa mbegu. Lakini katika miche mia, alisema, anaweza kutokea mmoja anayefanana.

Nilianza mwaka ule ule. Mwezi wa tisa nasia mbegu za dalia nyekundu za Mushasha kwenye kitalu, nahamisha miche mvua zikishika, kisha nangoja. Maua ya kwanza yanafunguka karibu na Krismasi. Kila asubuhi nakwenda kuangalia kabla ya kuwasha moto. Njano. Waridi. Jekundu la pilipili. Nyeupe lenye michirizi. Watu wanaopita wanasimama na kusifia, nami nashukuru.

Ndivyo nilivyojifunza kazi, kwa kutafuta kitu kimoja. Nilijifunza kwamba ukigawa shina la dalia kila kipande lazima kiwe na jicho shingoni, la sivyo kitakaa ardhini kizima kabisa na hakitaota kamwe. Kwamba tawi la rozmari linashika mizizi kwenye mchanga kuliko kwenye mbolea. Kwamba jeraniumu hukatwa likaachwa siku nzima likauke kidonda ndipo lipandwe. Tuta liinuliwe mahali maji yanaposimama. Na kiangazi kikianza natembea na kifurushi cha vijiti virefu nilivyovichoma ncha, navichomeka mwenyewe, na kwetu hakuna anayeokota kijiti bustanini. Masista walinipa kazi ya mama. Yule anayenifuata sasa ni fundi wa kujenga. Wa tatu anasoma. Kitindamimba ameingia darasa la nane, na wiki aliyoingia sikulala vizuri. Mimi sikurudi shuleni.

Kila mwaka mvua zikikaribia nakwenda Muyinga. Nyumba ya bibi iko juu ya kilima, unaona barabara ya kwenda Kobero mpakani, malori yakipanda polepole. Huwa ananikuta nikiwa bado sijatua ndoo.

"Umeleta?"

"Nimeleta, bibi. Si lenyewe."

"Rangi gani?"

"Ya chungwa."

"Weka kule."

Kule ni kwenye uzio. Nimempandia uzio mzima, kila mwaka rangi, na jirani zake wanakuja kuomba vipande, naye anagawa bila kuuliza. Lakini mbele ya mlango kuna duara moja la udongo ambalo hapandi kitu. Analima, anaondoa magugu, analiinua lisisimamishe maji. Mwaka wa kwanza nilidhani amesahau kupanda, nikataka kuweka mchaichai pale. Alinishika mkono. "Hapo pana mwenyewe."

Tukimaliza ananipikia. Mara moja niliulizia kaburi la binti yake. Alisema liko kule kambini, na kambi ilifungwa, na amesikia sasa ni shamba la mahindi. Alisema hivyo huku akichagua mchele, wala hakuinua kichwa.

Mwaka huu, siku chache baada ya Mwaka Mpya, mche mmoja ulifunguka jekundu la kuingia weusini. Nilikaa chini. Nilimwita mdogo wangu yule fundi, kwa sababu ndiye peke yake anayelikumbuka vizuri.

"Ndilo," alisema. "Dada, ndilo hili."

Nami siku mbili niliamini. Siku ya tatu lilifunguka zaidi, moyo wa njano ukaonekana, petali zimelala wazi kama mkono. La mama lilijikunja. La mama halikuonyesha kitu.

"Silo," nilimwambia.

"Dada." Alivua kofia. "Bibi haoni tena. Mwaka jana alikuita kwa jina la mama. Mpelekee hili, umwambie ndilo, afurahi kabla hajafa, na wewe upumzike. Miaka sita unatembea na ndoo. Nani atajua?"

Nilimkaripia, nikamwambia aende kwenye matofali yake. Lakini neno lake nilisafiri nalo. Kiangazi kilipokaribia kwisha nilichimba kichala, macho yakiwa yameanza kuvimba shingoni, nikakifunga katika majani makavu ya mgomba, na njia nzima ya Muyinga nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema ndiyo. Ni neno fupi. Sikuona ni nani litakayemuumiza.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni. Macho yake yamekuwa na ukungu, anageuza kichwa kufuata sauti.

"Umeleta?"

"Nimeleta."

Sikuongeza kitu, naye alisikia kwamba sikuongeza. Alinyoosha mikono. Nilimwekea kichala mapajani, akakifungua mwenyewe, akapapasa kiazi kimoja kimoja, akatafuta macho kwa kidole gumba.

"Lina afya," alisema. "Rangi?"

"Jekundu, bibi. Karibu jeusi."

Mikono ilisimama. Nilimuona anavuta pumzi, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesikia anaitwa kutoka mbali. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, karibu na lile duara la udongo, na udongo ulikuwa umekwisha kulainishwa.

"Ndilo?"

Nilikaa chini mbele yake. Nilifikiria vile viazi kwenye kanga ya mama, na ile sala niliyoomba kwa sauti.

"Silo, bibi. Linafanana nalo."

"Kiasi gani?"

"Kama mdogo wake. Ila lina moyo wazi. Lile la kwako halikuwa na moyo wa kuonekana."

"Ni kweli," alisema. "Halikuwa nao." Lori moja lilimaliza kupanda kilima, jingine likaanza. Kisha akavifunga viazi tena katika majani ya mgomba, vizuri, ncha kwa ncha, akanirudishia.

"Mpande huyo mdogo kule kwenye uzio, karibu na lile la chungwa. Nitawaambia wanaokuja wasimguse mwaka huu, apate nguvu." Alipapasa ukuta, akashika jembe, akanipa. "Hapa bado."

Nilipanda. Nikamwagilia. Nikachomeka kijiti. Aliniuliza kama kitalu cha mwaka huu nimekwisha kukisia, nikamwambia bado, nitasia nikifika. Akasema nisichelewe, mvua ziko karibu.

Nimesia jana. Bibi wa Muyinga bado ananidai.